Maneno Yaliyozaliwa Katika Hadithi za Kisayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Roboti, virusi vya kompyuta, bomu la atomiki, saiba. Maneno haya tunayasikia redioni na vijiweni bila kujiuliza nani aliyatamka kwanza. Nyuma ya kila moja yupo mtunzi wa hadithi. Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo wanafunzi, walimu wa Kiswahili na wafasiri huuliza zaidi kuhusu maneno ya namna hii.

Hadithi za kubuni za kisayansi ni zipi hasa?

Ni hadithi zinazoanza na swali "ingekuwaje kama". Ingekuwaje kama mtu angeweza kurudi jana, au kama kiwanda kingeunda watu? Zinatofautiana na ngano za majini kwa sababu msimulizi anadai kwamba mambo yake yana msingi wa kisayansi, hata kama sayansi hiyo bado haijapatikana. Na kwa kuwa vitu anavyovisimulia havipo, hana budi kuvipa majina.

Neno "roboti" lilitoka wapi?

Lilitoka Prague, mwaka 1920. Mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alikuwa anatunga tamthilia kuhusu kiwanda kinachounda wafanyakazi bandia na kuwauza duniani kote, kwa kuwa gharama yao ni ndogo na hawalalamiki. Alikosa jina la kuwaita. Alikuwa amefikiria jina lenye asili ya Kilatini, linalohusu kazi, lakini akaliona la kivitabu mno. Akamwendea kaka yake Josef, mchoraji, akamkuta mbele ya turubai na brashi mdomoni. Josef akamjibu awaite "roboti", kisha akaendelea kuchora. Karel mwenyewe alikisimulia kisa hiki gazetini mwaka 1933, akisisitiza kwamba sifa ya neno ni ya kaka yake.

Josef hakuliokota hewani. Kwa Kicheki, "robota" ilikuwa kazi ya lazima ambayo mkulima aliifanya katika shamba la bwana wake bila ujira. Utaratibu huo ulifutwa katika himaya ya Austria mwaka 1848. Tamthilia ilipopanda jukwaa la Ukumbi wa Taifa wa Prague mwezi Januari 1921, miongoni mwa watazamaji walikuwamo watu ambao babu zao waliifanya kazi hiyo. Sisi pia tunalo neno lake: shokoa. Atakaye kulisikia neno "roboti" jinsi lilivyosikika usiku ule, na alisikie kama "mtu wa shokoa".

Tamthilia ilifika New York mwaka 1922 na London mwaka 1923, na kila ilikotafsiriwa neno lilibaki vilevile. Wanazi walipoiteka Chekoslovakia walimkamata Josef mwaka 1939. Alipitishwa kambi moja baada ya nyingine hadi Bergen-Belsen, na huko akafa mwaka 1945. Ninaona ni haki kila anayefundisha asili ya neno hili amtaje kwa jina.

Roboti wa kwanza walikuwa wa chuma?

Hapana. Roboti wa Čapek waliundwa kwa nyama na mishipa ya kubuni, iliyokorogwa kwenye mapipa na kusokotwa kwa mashine, na kwa sura walifanana na watu. Mwishoni wanaasi na kuwaua wanadamu wote isipokuwa mmoja, ambaye wanamwacha hai kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake kama wao. Chuma kilikuja baadaye, kupitia majarida na sinema. Mwaka 1941 Isaac Asimov, akiwa kijana tu huko Marekani, alitumia neno la taaluma ya kutengeneza roboti, yaani robotiki, akidhani kwamba lilikuwapo tayari. Kumbe yeye ndiye aliyelianzisha.

Niseme "roboti anatembea" au "roboti inatembea"?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana ni Kiswahili kinachouliza.

Majina ya vyombo tuliyoyakopa kwa kawaida huingia ngeli ya I-ZI: redio inalia, kamera zinapiga. Kwa mkono wa chuma unaochomelea bodi za magari kiwandani, "roboti inachomelea" inatosha. Lakini Kiswahili kina kanuni nyingine yenye nguvu zaidi: chenye uhai kinapatanishwa kwa A-WA hata umbo la jina likisema vingine. Ndiyo sababu tunasema "kiboko amezama" na hatusemi "kiboko kimezama". Katika ngano zetu hata Jua na Upepo, vikianza kubishana, hupewa upatanisho wa watu.

Sasa inapotokea roboti ya hadithini inayosema, inayoogopa na kupenda, mzungumzaji wa Kiswahili hana pa kujificha. Kila kitenzi na kila kivumishi kinamdai jibu: huyu ni nani, au hiki ni nini? Swali hilo ndilo lililoibeba tamthilia nzima ya Čapek, na sarufi yetu inaliuliza katika kila sentensi.

Ushauri wangu ni huu. Kifaa kiwe I-ZI. Mhusika awe A-WA. Na mwandishi hodari anaweza kuitumia njia panda hiyo kwa faida yake: msichana anayesema "ile roboti" katika sura ya kwanza, na "yule roboti" katika sura ya tano, amebadilika moyo bila msimulizi kueleza lolote. Tazama pia jinsi nilivyoandika katika majibu yaliyotangulia: wale wa Čapek nimewaita "roboti wa kwanza", kwa makusudi.

Kwa nini Afrika Kusini roboti ni taa za barabarani?

Kwa sababu taa zilipofika zilichukua kazi ya askari aliyekuwa anasimama katikati ya njia panda akiongoza magari. Enzi hiyo neno lilikuwa jipya na linavuma, na kifaa kinachofanya kazi ya mtu kiliitwa roboti. Kwingine matumizi hayo yalitoweka. Afrika Kusini na kwa majirani zake yakadumu hadi leo. Kinshasa walikwenda hatua moja mbele: tangu mwaka 2013 yamesimamishwa katika baadhi ya njia panda maroboti marefu yenye umbo la askari, yakiongoza magari kwa mikono na taa. Aliyeyabuni ni mhandisi Mkongo, Thérèse Izayi.

"Saiba" ya Kenya ina uhusiano gani na hadithi?

Mkenya akisema "naenda saiba", anakwenda kuchapisha barua, kujaza fomu za serikali mtandaoni, au kumwomba kijana wa pale amsaidie kutuma marejesho ya kodi. Neno limefika pale kwa safari ndefu.

Wagiriki wa kale walimwita mshika usukani wa chombo "kybernetes". Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani Norbert Wiener alilichukua neno hilo kuiita taaluma yake mpya ya jinsi wanyama na mashine wanavyojiongoza. Miongo mitatu baadaye William Gibson alikuwa anatunga hadithi kuhusu wezi wa taarifa, akahitaji jina la mahali wanapoingia wanapounganisha akili zao na kompyuta. Aliandika majina kadhaa kwenye karatasi, akachagua "cyberspace". Lilitokea katika hadithi fupi mwaka 1982, kisha katika riwaya yake ya mwaka 1984, ambayo aliiandika kwa taipureta. Amesema mara nyingi kwamba alilipenda kwa mlio wake, na kwamba lilipozaliwa halikuwa na maana yoyote ya hakika.

Intaneti ilipoanza kuenea, kipande cha mbele cha neno hilo kikajitenga na kuanza kujibandika kila mahali. Mwaka 1994 ulifunguliwa London mkahawa wa intaneti ulioitwa Cyberia. Mikahawa ya aina hiyo ikaenea Nairobi na Mombasa, kahawa ikasahaulika, likabaki jina: saiba. Mshika usukani wa jahazi la Kigiriki sasa anachapisha barua za maombi ya kazi River Road, Nairobi.

Watanzania wameshika njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2015 inajulikana kwa Kiswahili kama Sheria ya Makosa ya Mtandao, na neno "mtandao" limebeba mzigo wote vizuri kabisa.

Ni kweli bomu la atomiki lilitajwa katika riwaya kabla halijaundwa?

Ni kweli. Mwingereza H. G. Wells alichapisha mwaka 1914 riwaya yenye vita ambamo ndege zinaangusha mabomu aliyoyaita ya atomiki. Mabomu yake hayakulipuka mara moja kama yale tunayoyajua. Yaliendelea kuwaka siku nyingi na kuifanya miji isikalike. Hata hivyo jina lilikuwa lilelile, miaka 31 kabla ya Hiroshima.

Mambo hayakuishia kwenye jina. Mwanafizikia Leo Szilard, Myahudi wa Hungaria, aliisoma riwaya hiyo mwaka 1932. Mwaka uliofuata, akiwa mkimbizi London, akavuka barabara akiwa katika mawazo, na hapo likamjia wazo la jinsi mfululizo wa mipasuko ya atomu unavyoweza kujiendesha wenyewe. Alipoomba hataza ya wazo lake mwaka 1934 alitaka liwe siri, kwa sababu alikwisha kusoma kwa Wells mwisho wake ungekuwaje.

Msomaji wa Lubumbashi au Likasi ana sababu ya pekee ya kuijua habari hii. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kuunda bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na wachimbaji Wakongo chini ya kampuni ya Kibelgiji. Neno lilianzia katika riwaya ya London, na mawe yaliyolitimiza yakatoka katika ardhi ambako watu wanaongea Kiswahili. Vitabu vingi vinavyomsifu Wells na Szilard vinawapita wachimbaji hao kimya.

Na virusi vya kompyuta?

Hapa watunzi na wataalamu walifuatana kwa karibu. David Gerrold aliandika mwaka 1972 riwaya yenye programu iitwayo virusi, inayohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Fred Cohen, mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, alifanya majaribio yake mwaka 1983, na jina hilo likaingia katika maandishi ya kitaalamu. Kabla ya hapo John Brunner alikuwa amebuni, katika riwaya ya mwaka 1975, programu inayojitambaza mtandaoni aliyoiita tegu. Watafiti wawili wa maabara ya Xerox waliunda programu za namna hiyo na mwaka 1982 wakaziita minyoo, wakimtaja Brunner waziwazi.

Kwa wataalamu, kirusi na mnyoo ni vitu viwili: kirusi hujipachika kwenye faili la mwingine, mnyoo hutembea peke yake. Mitaani kwetu kila kinachoharibu kompyuta ni virusi. Neno lenyewe lilikuwa limeshaingia Kiswahili kwa mlango wa hospitali, likachukuliwa kuwa wingi wa ngeli ya KI-VI, likazaa umoja wake "kirusi". Wakati kompyuta zinafika maofisini, lilikuwa tayari kinywani mwa kila mtu.

Je, "Android" ya kwenye simu ni neno la hadithi?

Kwa sehemu. Asili yake ni Kigiriki, "mfano wa mtu", na lilitumika tangu karne ya 18 kwa vinyago vinavyojiendesha. Mfaransa Villiers de l'Isle-Adam alilipa umaarufu katika riwaya ya mwaka 1886 kuhusu mwanamke wa kuundwa. Kampuni ya programu ilikuja kulichukua mwaka 2003, na Google ikainunua kampuni hiyo mwaka 2005. Kile kikatuni cha kijani ndicho kumbukumbu iliyobaki ya maana ya zamani.

"Big Brother" ni jina la kipindi cha televisheni tu?

Kabla ya kipindi lilikuwa jina la mtawala asiyeonekana, anayemwona kila mtu, katika riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949. Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki jina hilo liliingia kwa mashindano ya bara zima yaliyoanza mwaka 2003. Mwaka 2007 mshindi alikuwa Mtanzania, Richard Bezuidenhout, na mitaa ya Dar es Salaam ilimshangilia. Inanihuzunisha kwamba jina lililotungwa ili tuogope kuchunguzwa lilitufikia kama burudani ya kuwachungulia wengine. Lakini asiyeijua riwaya anaweza kuanza leo.

Maneno gani hudhaniwa kuwa ya hadithi na kumbe sivyo?

Akili mnemba, kwanza. Jina lake la Kiingereza liliandikwa na wanasayansi katika ombi la fedha mwaka 1955, wakiandaa mkutano wa mwaka uliofuata katika chuo cha Dartmouth. "Cyborg", kiumbe nusu mtu nusu mashine, nalo ni la wanasayansi: Manfred Clynes na Nathan Kline walilitunga mwaka 1960 wakifikiria safari za anga, na sinema zikalichukua baadaye. Droni nayo ni lugha ya wanajeshi wa kati ya vita viwili vikuu.

Kwa nini mengine hufa?

Mengi hufa, na idadi yake hakuna anayeijua. Hata jina la kwanza la fasihi yenyewe lilikufa. Hugo Gernsback, alipoanzisha jarida lake mwaka 1926, aliziita hadithi hizi "scientifiction". Neno lilikuwa gumu mdomoni, na miaka mitatu baadaye yeye mwenyewe akawa anatumia jina jingine.

Ninavyoona, neno hudumu likiwa limetaja jambo ambalo watu walikwisha kulihisi lakini hawakuwa na jina lake. Roboti lilikutana na hofu ya wafanyakazi wa viwandani. "Cyberspace" lilikutana na watu waliokuwa wakiongea kwa simu na kujiuliza maongezi yao yanatokea wapi. Maneno yanayotaja kifaa tu, injini fulani au bunduki fulani, hupita pamoja na hadithi yake.

Kiswahili kimewahi kutoa neno la namna hii?

Ndiyo, na tunalitumia kila wiki bila kumkumbuka mwenyewe: kusadikika.

Mwaka 1951 Shaaban Robert alichapisha riwaya kuhusu nchi ya Kusadikika, nchi iliyo angani. Mshtakiwa Karama anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu mbinguni na chini ardhini. Kila mmoja anarudi na maarifa ya kuiendeleza nchi, na kila mmoja anatupwa gerezani. Kitabu kilitoka chini ya utawala wa Waingereza, na wasomaji walielewa nchi ipi inasemwa. Nchi inayoelea angani, wasafiri wa kwenda juu na chini ya dunia, maarifa ya ugenini yanayoogopwa na wakubwa: kama hayo yangeandikwa Ulaya, yangewekwa kwenye rafu moja na Wells.

Lililotokea kwa neno lenyewe ni la ajabu. Kisarufi, kusadikika ni kuweza kuaminiwa. Leo mtu akisema bungeni au kijiweni "hiyo ni bajeti ya kusadikika", anamaanisha kinyume: ni ya ndotoni, haipo. Riwaya moja imeligeuza neno la kawaida la Kiswahili. Thomas More aliwapa Wazungu "Utopia" mwaka 1516, mahali pasipokuwapo. Shaaban Robert ametupa letu, lenye mizizi yetu.

Yuko pia Katama Mkangi wa Kenya. Riwaya yake ya mwaka 1995, Walenisi, inamsafirisha mhukumiwa hadi nchi nyingine ambayo jina lake, ukilikata, ni "wale ni sisi". Wanafunzi wa fasihi wanalijua, mitaani bado halijafika. Kwangu ni miongoni mwa majina mazuri kabisa yaliyowahi kutungwa katika lugha hii.

Kazi ya kutunga maneno si ya mabaraza ya lugha?

Ni yao pia, na wanaifanya. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ipo tangu mwaka 1967, na bila orodha zake za maneno walimu wangehangaika. Lakini orodha haina mhusika anayelitamka neno akiwa na njaa, hofu au mapenzi. Tarakilishi limefundishwa madarasani Kenya kwa miaka mingi, na wanafunzi wakitoka nje ya lango wanasema kompyuta. Sasa Tanzania inasema akili mnemba, Kenya akili unde, na wengine akili bandia. Siamini mkutano utaamua mshindi. Atakayeamua ni mwandishi wa riwaya, mchezo wa redio au wimbo ambao watu wataurudia.

Ninatafsiri hadithi ya kisayansi. Nifanyeje na maneno yaliyobuniwa?

Anza kwa kuuliza: neno hili liliwashangaza wasomaji wake wa kwanza? Kama liliwashangaza, na letu lishangaze. Usiliweke neno la kamusi ambalo limepoa. Kama lilikuwa limeungwa kwa maneno ya kawaida, unga nawe kwa maneno ya kawaida. Usiliambatanishe na maelezo kila linapotokea. Msomaji wa Kiswahili anaweza kungoja kurasa mbili ili maana imjie, kama msomaji mwingine yeyote.

Mfano ni "grok", kitenzi cha watu wa Mirihi alichokitunga Robert Heinlein mwaka 1961. Hadithini maana yake ya msingi ni kunywa, na maana yake pana ni kulielewa jambo hadi liwe sehemu yako. Wengine wangeandika "kuelewa kabisa", na ladha yote ingemwagika. Mimi ningeliacha lilivyo na kulivalisha viambishi vyetu: kugroki, nimemgroki, hatujagrokiana. Kiswahili kinalimeza bila taabu, na hilo la mwisho limepata unyambuaji ambao hata Heinlein hakuwa nao.

Nikitunga neno, litakuwa mali yangu?

Kwa kawaida hakimiliki hulinda kazi nzima, hailindi neno moja. Alama ya biashara ni jambo jingine. Kampuni ya filamu ya Lucasfilm ilisajili neno "droid", na mwaka 2009 kampuni ya simu ya Verizon ilipotaka kulitumia kwa simu zake ililazimika kuomba leseni. Neno "roboti" halina mlango wa namna hiyo. Yeyote analitumia bure, kutoka kiwanda cha Japani hadi mwandishi wa Tanga anayeanza sura yake ya kwanza leo usiku.